Bega la Wifi Yangu Hurmi

Wifi yangu Hurmi aliolewa na mdogo wangu Teju akiwa na miaka kumi na saba. Siku alipoingia nyumbani kwetu, mikono yake yote miwili ilikuwa myeupe kwa bangili, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kwapa. Hapa kwetu jangwani Thar mwanamke mwenye mume hazivui. Analala nazo, anazaa nazo, anakanda unga nazo. Zinavunjwa siku mume anapokufa. Zangu zilivunjwa nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikarudi kwa baba na mikono mitupu, na ndivyo nilivyoishi na Hurmi katika ua mmoja.

Alikuwa mwanamke wa nguvu. Alibeba mitungi miwili kichwani, mmoja juu ya mwingine, na bado akabaki na pumzi ya kuwasimanga waliobeba mmoja. Teju alikuwa Karachi akipachika marumaru kwenye maghorofa ya watu, akirudi mvua zinapoanza ili kupanda uwele. Miezi iliyobaki Hurmi aliishika nyumba peke yake.

Mwaka mmoja punda wa kuvuta maji kisimani alishtuka akakimbia na kamba, na kamba ikauvuta mkono wa Hurmi ukavunjika karibu na bega. Mganga wa mifupa alimfunga miezi mitatu. Alipofunguliwa, bega lilikuwa limeganda. Mkono haukufika hata usawa wa kifua. Alinikataza nisimwambie Teju kwenye simu. Alitaka mvua zimkute mumewe anarudi kwa mke mzima.

Nikampeleka mjini Mithi, kwa binti mmoja wa Hyderabad anayetibu viungo, Daktari Sanam. Alikuwa na kipimo cha plastiki, kama rula mbili zilizounganishwa kwa msumari. Ule msumari aliuweka penye bega, rula moja ikalala ubavuni, nyingine ikafuata mkono unavyopanda. Mkono ukining'inia ni sifuri, ukisimama wima kando ya sikio ni nyuzi mia na themanini. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, mwanamke wa kwanza kijijini kwetu, kwa hiyo nambari nilizisoma mwenyewe, sikungoja kuambiwa. Siku ya kwanza zilikuwa sitini na tano. Daktari alisema ili kupandisha mtungi kichwani anahitaji karibu mara mbili ya hizo.

Mara ya pili Hurmi alijipinda kiuno ili mkono uonekane umepanda. Daktari akamshika ubavu akamwambia, "Mama, mimi napima bega, kiuno chako sina shida nacho." Hurmi alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio.

Lakini nambari zilikuwa zikiruka. Sabini, kisha sitini na mbili, kisha sabini na nne. Daktari alinieleza kwamba rula inalala juu ya bangili badala ya mfupa, na vidole vyake havifiki penye kiungo. Hawezi kulisukuma bega asilolijua. Aliomba zile za juu ya kiwiko tu zivuliwe, kwa siku moja tu. Hurmi aliuvuta mtandio, akatazama ukutani.

Tukarudi nyumbani. Jirani yetu Bhuri aliposikia, alisimama mlangoni kwangu na ndoo yake akasema, "Dada, wewe mkono wako mtupu zamani. Sasa unatafuta mwenzio?" Nilimwambia achote maji yake aende. Maneno yale yaliniuma, na kwa kuwa yaliniuma nikazidi kushikilia. Sikutaka kushindwa na Bhuri, ambaye hajui hata kusoma saa.

Nilimwambia Hurmi kwamba bangili ni plastiki, na mume halindwi na plastiki. Nilimwambia mvua zimebaki wiki sita. Alinisikiliza siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi, alininyooshea mkono.

Nilizitoa kwa sabuni na mafuta ya haradali, moja moja, kumi na saba. Ngozi ya chini yake ilikuwa laini na nyeupe kama ya mtoto. Kule Mithi Daktari alishika mfupa, akaweka rula, nami nikasoma kwa sauti: themanini na nane. Alisema sasa amelielewa bega, litafunguka. Hurmi alitabasamu na kuniuliza kama ni kweli.

Jioni mkono ulikuwa umevimba, bangili hazikurudi. Nikazifunga kwenye kitambaa, tukasema Jumamosi uvimbe utakuwa umeshuka.

Teju alianguka Ijumaa. Ubao wa jukwaa la mafundi ulivunjika, ghorofa ya nne. Simu ilifika Jumamosi asubuhi, Hurmi akiwa amekaa na sabuni akinisubiri.

Wazee wa kike walikuja na jiwe, wakavunja zilizobaki. Kile kitambaa alikileta Hurmi mwenyewe, akakiweka mbele yao bila kuambiwa.

Bhuri naye alikuja. Alilia na sisi, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenisimanga.

Baada ya siku za matanga Daktari Sanam alitutumia ujumbe, kisha akaja mwenyewe. Alimweleza Hurmi taratibu kwamba ubao uliooza Karachi hauna habari na mkono ulio Thar. Nami najua hivyo. Nilisoma, najua ubao huvunjika kwa uzito. Lakini nimehesabu zile siku mara nyingi, na kila nikihesabu Ijumaa inaangukia palepale.

Daktari alipoondoka nilimsihi Hurmi turudi kwenye kupimwa, nikamwambia mikono yake sasa ni mitupu, hakuna cha kuzuia. Alinitazama bila hasira.

"Wifi, uache mkono hivi hivi. Ukipanda, nitajua umepanda kwa gharama ya nani."

Haukupanda. Uko pale chini ya kifua hadi leo, miaka kumi na moja. Mimi namsuka nywele, na maji ya nyumba nzima nachota mimi, kwa umri wangu huu. Haniambii asante, wala sitaki aniambie.