Majani ya Chini ya Migomba

Niliwahi kuiharibu migomba ya mama kwa fagio, tena nikingojea sifa. Juzi nilimkuta binti yangu akifagia majani chini ya mti wa avoka, yaani parachichi, nikampokonya fagio kabla hata ya kumsalimia.

Nilipokuwa mtoto ilikuwa vita. Barabara ya kwenda mji wa Miti ilifungwa, chakula hakikufika, na migomba nyuma ya nyumba yetu Bukavu ndiyo iliyotulisha. Chini yake mama alilundika majani makavu na maganda, yakaoza na kunuka kama pombe ya ndizi iliyosahauliwa. Mimi nilidhani ni uchafu. Mchana mzima nilifagia, nikachoma yote.

Mama alirudi, akashika kichwa. "Mutoto huyu! Sasa migomba itakula nini?"

Nilicheka, maana sikuwahi kuona mgomba wenye mdomo. Leo najua uozo ule ndio uliokuwa chakula chake. Jua liliukausha udongo, na mkungu uliofuata ulitoa ndizi nyembamba kama vidole vyangu.

Nililia njaa. Maman Furaha, jirani yetu, alichungulia juu ya ua: "Nyamaza, wewe. Ulichoma chakula ya migomba, sasa kula ile fagio yako."