Ziara ya Kushtukiza Iliyojulikana Kanisa Zima

Mimi ni dereva, Tata Swedi, yaani Mzee Swedi. Kazi yangu ni usukani, si maneno. Lakini mwaka ule Mama Valérie alinichosha, jamani, alinichosha mpaka nikaanza kuongea peke yangu garini.

Tuelewane kwanza: Mama Valérie Kabemba ni mtu mwema. Alizaliwa kaskazini ya Katanga, akaolewa hapa Kolwezi, akafundisha shule ya msingi mpaka nusu ya mji inamwogopa. Mumewe alipofariki, alianza kwenda gerezani na akina mama wa kanisa lake kupeleka sabuni. Huko akaona mambo, akauliza maswali, na alipoambiwa anyamaze akauliza tena. Mwisho akawekwa kuongoza timu yetu ya ukaguzi: watu wachache, gari moja bovu, na jimbo zima la Lualaba, kutoka Fungurume mpaka Sandoa. Tunakagua kila mahali mtu anapofungwa. Gereza, kasho yaani mahabusu ya polisi, chumba cha nyuma cha kituo chochote. Hatuhukumu mtu. Tunaingia, tunaangalia, tunaongea na waliofungwa bila mlinzi kusikiliza, kisha tunadai kinachotakiwa kudaiwa.

Na kanuni kubwa ni moja: usitoe taarifa. Ukitoa taarifa utakuta chokaa.

Sisi tulikuta chokaa. Kyamusenga ni kituo kidogo kando ya barabara ya Fungurume. Tulifika asubuhi, malori ya madini yametupaka vumbi mpaka kwenye kope, na komanda wa kituo yuko mlangoni, shati limepigwa pasi, anacheka.

"Karibuni, Mama Mwalimu! Muangalie benyewe, hamuna muntu."

Kasho imefagiwa. Kuta bado mbichi kwa chokaa, ukizigusa unachafuka mkono. Nyuma, kontena la chuma liko wazi, ndani hamna kitu isipokuwa harufu. Ile harufu chokaa ilishindwa nayo.

Na nje ya geti amekaa Mama Elise na sufuria yake mapajani.

Mama Elise ni mjane, anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni Kolwezi. Mwanawe Dodo, kijana aliyeoa juzi tu, alikamatwa pamoja na wenzake wakichimba ndani ya uzio wa mgodi. Huku kwetu mtu wa kasho analishwa na watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo kila alipopata nauli ya pikipiki Mama Elise alikuja, anampa mlinzi bukari, ugali wetu, mlinzi anapokea, sufuria inarudi tupu. Ila siku tukifika sisi, mlinzi anamkatalia: hakuna mtu hapa. Sasa niambieni, ya jana alikula nani?

"Mama Valérie," akamshika kitenge, "banamupeleka wapi mutoto yangu?"

Tulirudi mara ya pili, chokaa. Katikati ya hapo kijana mmoja alitolewa, akamwambia Mama Elise kwamba Dodo ameumia mguu na kidonda kimeanza kunuka. Basi tukarudi tena mbio mbio. Chokaa, na komanda anatuuliza kama tutakunywa soda!

Ndipo Stanislas, mwanasheria wetu, kijana wa viatu vya kung'aa, akaanza kuniangalia vibaya.

"Tata Swedi, weye njo unawekaka mafuta siku mbele. Uko unaambia nani?"

Mimi nivujishe siri, eti kwa sababu najaza mafuta siku moja kabla! Watu wa kwetu wametoka Kasongo, maisha yao yote wanasafirisha mali za watu na hakuna aliyewahi kuwaita wezi wala wambeya. Nilimjibu: "Mi ningekuwa nauzisha safari zenu, ungenikuta nakokota gari hii ya kukohoa?"

Mama Valérie alitunyamazisha wote wawili kama darasa la pili. Nilidhani ameniamini. Kumbe! Safari iliyofuata natoka nyumbani sijui naelekea wapi. Tunafika kwenye mzunguko, ananiambia "kushoto", basi. Mtu mzima na ndevu zangu naelekezwa kama punda. Nilichukia, sifichi. Mke wangu Asia akasema rudi kwenye malori, uache hao watu na siri zao, na nilikaribia kumsikiliza.

Tukaenda hivyo hivyo, kushoto, kulia, na mwisho wa njia ni wapi? Kyamusenga. Na chokaa. Stanislas akasema labda nilikisia. Nilishuka garini nisije nikamrushia kitu.

Wao wakiwa ndani na komanda, Mama Elise akanisogelea. Macho yalikuwa mekundu.

"Tata Swedi, jana tuliwaombea sana. Nilisema lelo Mungu atafungua."

"Mlituombea kitu gani?"

"Safari ya lelo. Ya Kyamusenga."

"Mama, ngoja. Nani alikuambia tunakuja Kyamusenga? Mi mwenyewe nimejua tukiwa njiani!"

Akanishangaa. "Si Mama Valérie? Kila mara anasimamaka ku kanisa mangaribi, anaomba tumusaidie na maombi. Anatajaka fasi, juu tuombe muzuri."

Ya Rabi! Nilishika kichwa. Najua, hakuna mtu wa hapa anayeingia barabarani bila kuombewa, hata akienda Likasi kununua betri ataombewa. Sisi pia tuna dua yetu ya safari. Lakini jina la kituo kwenye kipaza sauti?

"Na mke wa komanda anasali wapi?"

"Kwetu kule kule," akasema. "Anaimbaka ku kwaya..." Akaacha mdomo wazi. Sufuria ikamponyoka, bukari yote ikamwagika vumbini.

Sikungoja tufike mjini. Mama Valérie alipoketi tu nilimwambia mbele ya Stanislas, tena kwa sauti. Alijaribu kujitetea.

"Lakini Tata Swedi, mi nilitajaka fasi juu Mungu atulinde pale."

"Mungu hajui njia ya Kyamusenga, Mama? Mpaka umwambie kushoto, kulia?"

Aligeuka nyuma. Kisha akasema, "Stanislas, omba Tata Swedi pardon." Stanislas akaomba, akiangalia viatu vyake. "Na mi pia, Tata. Mi njo mubaya wa kwanza." Nilimwambia yameisha. Hayakuwa yameisha, lakini ungemjibu nini mama wa watu?

Nikampa njia rahisi: safari ijayo aombe maombi ya Sandoa, sisi twende zetu Kyamusenga. Heh! Kama nimemtukana.

"Mi nibongope mbele ya Mungu? Na ku micro?"

Nilimwambia kuna mtu anaozea kule ndani. Alisema anajua, na kwamba hatasema uongo. Tulibishana mpaka Kolwezi. Kukaa kimya tu kanisani, hilo alilikubali, na lilimuuma kama kung'olewa jino. Mama Elise ndiye aliyenisimulia baadaye. Mchungaji aliuliza, "Mama Valérie, lelo hakuna safari?" Akajibu akiwa ameketi, "Iko, Pasta. Mungu anajua fasi." Watu wakanong'ona: tangu apewe gari amekuwa na kiburi. Na wakitoka, mke wa komanda akamkumbatia, sauti tamu: "Mama, munaenda wapi, nikuombeeko ku nyumba?"

"Ku kazi," akasema Mama Valérie.

Kesho yake tulimkuta komanda amevaa singlendi, mswaki mdomoni. Hakukuwa na chokaa. Kulikuwa na harufu tu, na mikono inapiga chuma kutoka ndani ya kontena.

"Fungua," akasema Mama Valérie.

Komanda akasema ufunguo haupo, aliyenao amekwenda mjini. Mama Valérie akaketi kwenye ngazi ya ofisi, akafungua termos, akajimiminia chai. "Nitangojea. Weye nilikufundisha kusoma, ulikuwa na shida ile ile: kila mara kalamu haiko." Walinzi wakageuka wasionekane wanacheka. Stanislas, nimpe haki yake, alikuwa tayari kwenye simu na hakimu, na hakupunguza sauti. Ufunguo ukapatikana mfukoni mwa mlinzi.

Wafungwa walitoka wamejifunika macho kwa mikono. Dodo alitoka wa mwisho, anajivuta kwa makalio, na mimi nikaitwa nisaidie kumbeba hadi kivulini. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti. Mama Valérie akawafukuza walinzi, akapiga magoti penye vumbi na kitenge chake kizuri.

Dodo akamwangalia sana. "Ni weye njo unakuyaka?"

"Njo mi, mwana." Nilisikia furaha kwenye sauti yake. "Tulikuya mara na mara. Hatukuwasahau."

"Kila mukitaka kukuya," akasema Dodo, "banatuamusha mapema, banatupakia mu kamio, banatufunika na bashi. Tunashinda mule na jua, mpaka munarudia. Siku ya kwanza njo niliangukiwa na mulango ya kamio ku mguu." Akaonyesha lori uani, turubai lake limekunjwa. "Mama, usikasirike. Sisi mule ndani tulikuwa tunaomba Mungu musikuye."

Wao waliomba tusije. Hasira zangu zote za miezi ile, za kushoto na kulia, zilinitoka pale pale, na nilichobaki nacho ni huruma, sijui nimhurumie yupi kwanza.

Mama Valérie aliinuka. Akamwambia komanda kwamba Dodo anakwenda hospitali sasa hivi, na mlinzi akitaka amfuate kwa pikipiki, na Stanislas atabaki na wengine mpaka hakimu afike. Komanda, na mswaki wake bado mkononi, alikubali yote.

Tukamlaza Dodo kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, ambaye tulimkuta getini na sufuria. Mama Valérie akakaa mbele. Kila siku, kabla sijawasha gari, yeye huomba kwa sauti, nami nangoja amalize. Nikangoja. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Tuende, Mama?"

"Tata Swedi," akasema, "lelo omba weye. Ndani ya roho tu."

Nikaomba, midomo imefungwa, kisha nikawasha gari.