Ngozi ya Ng'ombe wa Watu

Nilikuwa mtoto wa maswali. Baba akiniona nakuja huku nimeinamisha kichwa upande, alikuwa anaokota jembe na kwenda zake shambani hata kama ndiyo kwanza katoka huko. Nilitaka kujua kwa nini bata akila lazima anywe maji kila mara, na kuku hana habari. Nilitaka kujua mbuzi anatafuna nini usiku wakati mdomoni hana kitu. Mama alikuwa ananijibu mpaka anachoka, kisha ananituma kuni.

Pale kwetu, nje kidogo ya Bariadi, vya kuulizia havikukosekana. Tulikuwa na ng'ombe wachache, maksai wa kulimia, mbuzi, bata, njiwa juu ya paa la jiko, na punda mmoja aliyekuwa anaamua mwenyewe siku za kufanya kazi. Tulilima pamba, mtama, mahindi na viazi vya kukausha michembe. Ng'ombe walikuwa wa baba na kuku walikuwa wa mama, na mpaka huo uliheshimiwa kuliko mpaka wa shamba. Baba hakuwahi kumkamata kuku bila kuuliza, hata mgeni akiwa ameshakaa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa. Maduka ya Bariadi, ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalianza kujaa: sabuni za rangi, ndoo za plastiki, kamba za nailoni, mitumba iliyomwagwa chini kwenye maturubai. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao. Walikuja pia wanunuzi wa ng'ombe na wa ngozi, wakizunguka kijiji kwa kijiji. Baba aliwatazama kwa jicho moja. Mimi niliwatazama kwa yote mawili.

Basi kiangazi kimoja, pamba ikiwa imeshatoka shambani, alikuja mtu anasukuma baiskeli. Alivaa koti zito la mtumba, jua lile la saa nne, na hakulivua. Aliegemeza baiskeli kwenye zizi, si kwenye nyumba, na hilo lilinifanya niache kufagia.

"Mwadila," alisalimu.

"Mwadila," baba alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Nimetoka Lingeka, kule Meatu. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

Nilikimbilia jikoni kumuuliza mama ni ng'ombe yupi. Siku hiyo alinijibu bila kunituma kuni.

Kwetu mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, utaamka huna kitu. Kwa hiyo mmoja unampeleka kwa rafiki, mwingine unampeleka kwa rafiki wa mbali zaidi. Anayekutunzia anakunywa maziwa na kutumia samadi, na siku moja unampa ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakutumia habari na anakuwekea ngozi. Ngozi ndiyo neno lake. Ukija, anaitandaza mbele yako, wewe mwenyewe unatafuta alama unayoijua, na mambo yanaisha. Mwenye ng'ombe hataji alama kwanza. Akitaja, ameharibu.

Mtu huyu na baba walikuwa wamefahamiana mnadani, wakapatana, akatuletea mtamba mwekundu mwenye madoa meupe. Nilimkumbuka. Alikuwa na tabia ya kulamba ukuta wa jiko, na sikuwahi kupata jibu la kwa nini. Kiangazi cha pili alipata ndigana, homa ya kupe, wakati josho halikuwa na dawa, akafa. Baba alituma habari kwa mtu aliyekuwa anakwenda Meatu. Hakuna aliyekuja. Ngozi ikakauka, ikakunjwa, ikawekwa darini.

"Asipoiona ngozi?" niliuliza.

"Anaondoka na mweusi."

Mweusi alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa, yule pekee aliyekuwa anakamuliwa wakati huo. Mdogo wangu alikuwa anaishi kwa maziwa yake. Ugali alikuwa bado anautema. Na si maziwa tu. Baba angebaki na jina la mtu aliyekula ng'ombe wa watu, na hilo halifutwi kwa kulipa. Hakuna ambaye angemwekea ng'ombe tena, na hakuna ambaye angekubali kumtunzia wa kwake.

"Kwani ngozi si ipo darini?"

Mama aligeuza ugali pale ambapo haukuhitaji kugeuzwa. "Ngozi ipo," alisema. "Ila haipo mahali pamoja."

Ilikuwa hivi. Ngozi ilipokaa muda mrefu darini, panya walianza kuitafuna ukingoni. Miaka ile dukani hakukuwa na kamba, hakukuwa na msumari, hakukuwa na bawaba. Mama alikata ukanda mmoja tu, wa kufungia nira, kwa sababu mvua zilikuwa zimeshanyesha na maksai wamesimama. Ukanda mmoja ukazaa mwingine. Baba alijua na hakujua. Alikuwa anaona kamba mpya kwenye kitanda chake, anajinyoosha, anasema kitanda kimekuwa kizuri, basi.

Uani mgeni alikuwa ameanza kueleza kwa nini amekuja baada ya kimya chote hicho. Habari hakuipata. Na mwaka uleule aliambiwa kwamba ng'ombe wake mwingine, aliyekuwa anatunzwa na mtu wa upande wa Nyalikungu, kafa. Akaonyeshwa ngozi nzima, safi, imetandazwa vizuri. Alama haikuwepo. Baadaye akasikia kwamba ng'ombe alipanda lori la wanunuzi akiwa mzima, na ngozi ile ilinunuliwa mnadani. Sasa anazunguka kwa wote waliomtunzia. Alisema yote hayo kwa upole, akitazama mikono yake, na upole wake ulinitia hofu kuliko kama angefoka.

Baba aliingia jikoni. Alimtazama mama, mama akamtazama. Nilidhani atagomba. Badala yake alikaa juu ya kinu.

"Unakumbuka ulikoviweka vipande?" aliuliza.

"Vingine."

"Mimi navikumbuka vyote," nilisema. Na ilikuwa kweli, maana kila mama alipokata kipande nilikuwa nimesimama kando yake nauliza hiki ni cha mgongo au cha tumbo, na kwa nini cha tumbo ni chembamba. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tukaanza. Baba alitoa kitanda chake nje, mchana kweupe, mbele ya mgeni, na kufungua kamba moja baada ya nyingine. Hizo zilikuwa za mgongo. Kamba za nira zilikuwa zimeshabadilishwa na nailoni, lakini mama hatupi kitu, zilikuwa zimening'inia kwenye mti wa paa zimejaa masizi. Kigoda cha jikoni kilivuliwa kalio lake. Mlango wa choo ulipoteza bawaba zote mbili na kulala chini. Mkia ulikuwa usinga wa baba wa kufukuzia nzi. Alikuwa ameushika mkononi muda wote huo wa mazungumzo. Nilikimbia kanisani kuazima ngoma ya kwaya, kwa sababu paja moja lilikuwa limewambwa pale, na katekista alinipa bila kuelewa ninachosema. Vipande vya viatu vilikuwa vimekwisha miguuni mwa mama, hivyo hatungeviona tena.

Nikavipanga uani. Hapa shingo, hapa mgongo, hapa paja na ngoma yake, hapa mkia. Mgeni alisimama akatazama. Kuku walikuja kudonoa kamba za kitanda, nikawafukuza. Ukisimama mbali kidogo ulimwona ng'ombe, mwembamba sana, amelala ubavu, na shimo kubwa mahali pa bega.

"Hapa pana nini?" mgeni aliuliza, akionyesha shimo kwa fimbo.

"Bega la kushoto," nilisema. "Lipo chini ya kuku."

Mama alikuwa na kuku mweusi mkali, anayeatamia ndani ya banda dogo la udongo. Chini yake mama alikuwa amemwekea mayai yake mwenyewe na mayai ya kanga ambayo baba aliyaokota majanini. Chini ya mayai kulikuwa na majani makavu, na chini ya majani kipande cha ngozi, ili unyevu wa ardhi usipande. Kuku yule ukimwinua katika kiota harudi tena. Aliwahi kufanya hivyo, na mayai yote yalioza.

Baba alikuwa ameshakunja mkono wa shati. "Namtoa."

"Humtoi," mama alisema.

"Ng'ombe anaondoka."

"Na vifaranga wa kanga? Wamebakiza siku chache. Kuku ni wangu."

Walitazamana. Nilimwonea baba huruma, na bado nilijua mama hatarudi nyuma. Mweusi alikuwa amesimama zizini anatafuna mabua bila kujua anazungumziwa.

Mgeni ndiye aliyeamua. "Kuku anayeatamia huinuka mwenyewe mara moja kwa siku, akale, anywe," alisema. "Tusubiri. Nina haraka gani mimi?" Akachukua kigoda kisicho na kalio, akaweka ubao juu, akakaa mbele ya banda.

Tukasubiri. Sijawahi kuona watu wazima wakimtazama kuku namna ile. Mama alileta ugali wa mtama na maziwa ya mgando, ya mweusi, na mgeni alikula palepale bila kuondoa macho mlangoni. Baba alizungumza habari za pamba, bei ya huyu na bei ya yule, akajibiwa kwa mguno. Nilimwaga mtama kwa mbali nikaita kwa sauti ya kuitia kuku. Walikuja wote wa pale nyumbani, na bata wawili, isipokuwa yeye. Niliwaza anajuaje kwamba mayai bado. Anayahesabu? Anayasikia? Nilimuuliza mgeni.

"Anayasikia," alisema, kwa uzito uleule ambao angemjibu baba. "Kifaranga huanza kulia kabla hajatoka."

Hilo sikuwa nalijua. Nilisogeza kigogo nikakaa karibu naye.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea kuku alipotoka. Alitoka amejivimbisha manyoya, anatukana, akatupita kama vile hatupo, akaenda kwenye maji. Mama akaingiza mkono haraka, akahamishia mayai kwenye pindo la sketi yake, moja moja, akayafunika. Baba akavuta kipande, akapukuta majani, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Kilikuwa chekundu na doa jeupe, na katikati yake kulikuwa na kovu refu lililopinda. Pande zote za kovu palikuwa na alama ndogondogo za matundu, zimepangana, kama za nguo iliyoshonwa. Nilikuwa nimeziona siku mama alipokikata kipande kile. Niliuliza ni nini, na mama alisema hajui.

Mgeni alipitisha kidole juu yake, kwenda na kurudi. Kisha akavua koti, kwa mara ya kwanza siku nzima, akaliweka magotini na kukilaza kipande juu yake.

"Fisi alimshika akiwa ndama," alisema. "Mama yangu alimshona. Kwa sindano ya magunia, tumemkalia mimi na ndugu zangu. Mama hayupo sasa. Alikufa mwaka ule niliomleta ng'ombe hapa."

Machozi yalimtoka na hakuyaficha, na baba, ambaye alikuwa amehangaika mchana kutwa kwa ajili ya ng'ombe wake, naye akauokota usinga pale chini, akaanza kujipangusa nao.

"Ngozi ilitakiwa iwe nzima," baba alisema. "Tulikosea."

"Ngozi nzima nimeonyeshwa," mgeni alijibu. "Nzima inanunuliwa mnadani. Hii ya kwako nani anaiuza?" Akazitazama kamba zile zilizolaliwa na kuvutwa, na bawaba, na ngoma ya kanisa. "Mmekaa naye huyu. Wabeja, asanteni."

Nilidhani ataondoka na kipande chake. Lakini kuku alikuwa anarudi, na mgeni alimwona kabla yetu. Aliinuka upesi, akapiga magoti, akakirudisha kipande kiotoni kwa mkono wake mwenyewe, upande wa kovu juu, akapanga majani. Mama akarudisha mayai. Kuku akaingia, akayageuza kwa mdomo, akakaa.

"Wakishatoka nitakuja kukichukua," alisema, na akasukuma baiskeli yake kurudi Lingeka.

Alirudi vifaranga wakiwa wameshaanza kukimbia, wa kuku na wa kanga pamoja, na mama yao akihangaika kwa nini baadhi wanakimbilia majanini. Hakuja na baiskeli. Alikuja kwa miguu, anaswaga mtamba mweupe. Alimwingiza zizini, akamwacha kando ya mweusi, akapokea kipande chake na kukitia kwapani ndani ya koti.

Baba alimgeukia mama mbele yetu sote. "Huyu akifa," alisema, "ngozi usiiguse."

"Na nikikosa kamba?"

"Kata, mayu," mgeni alimwambia mama. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, nami kama kawaida nilikuwa nimekiinamisha upande. "Kata tu. Huyu si yupo?"