Herufi ya Diski Mpya

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile pale mtaani Tassia nusura zinitie hasarani. Nilikuwa nimempelekea fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye kibanda chini ya ghorofa letu, kompyuta yangu pamoja na diski yake ya kuhifadhia, iliyoanza kukoroma. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za baba. Baba alikuwa karani wa reli, na kila Jumapili aliongoza nyimbo kanisani, mtaa wa Mowlem, hadi alipofanyiwa upasuaji wa koo. Tangu hapo hana sauti. Zile nilizomrekodi sebuleni ndizo zilizobaki.

Fundi alinakili kila kitu kwenye diski mpya. Siku ya kuichukua baba alikuja nami, amevaa koti lake la kanisani. Nikafungua programu yangu ya kurekodia. Wimbo wa kwanza, haupatikani. Wa pili, vivyo hivyo. Orodha nzima nyekundu! Programu ikaniuliza kama iziondoe zilizopotea, nami, huku nikifoka kwamba huyu mama ametumaliza, nikapeleka kidole kwenye “ndiyo”. Baba alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

Fundi aliudaka mkono wangu.

“Toa mkono hapo, bosi. Nyumba ni ile ile, namba ya mlangoni ndiyo imebadilika.”

Alimgeukia baba, akamweleza taratibu. Kompyuta huipa kila diski herufi yake; alipokuwa akinakili, diski ya zamani ilikuwa bado imeshika herufi D, kwa hiyo mpya ikapewa E, na programu yangu ilikuwa ingali inatafuta nyimbo kwenye D. Akatuonyesha ile ya zamani, aliyokwisha kuichomoa. Kabla hajaigusa alikuwa ameibandika karatasi: “D, nyimbo za mzee, isifutwe.” Mafundi wa kubahatisha nimewaona wengi, huyu ni fundi kweli. Akafungua orodha ya diski, akaibadilisha E kuwa D, akaiwasha programu upya. Wekundu ukaisha.

“Mzee, nikuwekee upi?”

Baba akaonyesha kwa kidole. Sauti yake ikajaa kibandani, nzito, ile yenyewe. Midomo yake ikaufuata wimbo, neno kwa neno, kimya. Niliona haya mpaka masikioni, nikaomba msamaha. Fundi hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuitikia kiitikio, na baba, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, alikuwa ameinua mkono, anamwongoza.