Uwanja ya golf yenye balifanya upya ngambo ya Kasindi: mukwe yangu alialikwa, mie nikajialika

Bakubwa ba humu ndani, jambo yenu.

Nasomaka mambo yenu tangu siku mingi, leo na mie naandika. Masomo yangu iliisha mapema, donc musinihesabie makosa ya maandiko. Uongo njo hamutaikuta hapa.

Naona munabishana: uwanja gani ya golf iko muzuri kwa kuenda kupumzika, vacances. Mumoja anasema Maroc kuko mupya. Mwengine anasema Portugal balifunga, bakatengeneza, bakafungua. Munachagua sawa batu banachagua nyanya ku soko.

Bon. Mie nilifika kwa moja. Na hii miguu yangu.

Kwa benye hawajue: golf ni mutu anapiga kampira kadogo na fimbo, anakafuata na miguu, anakapiga tena, mpaka kaingie mu kashimo. Kakiisha kuingia, anakatosha na anaanza tena. Batu bazima!

Mujukuu yangu Masika, mutoto wa kwanza wa kijana yangu, anatumikaka Uganda, kwa kampuni yenye inapelekaka bazungu kucheza hiyo kitu inchi na inchi. Butembo muzima inajua ni mujukuu yangu. Kama kuko mwenye hajue, nitamuambia leo.

Sasa musikie vizuri. Kwetu mutoto ni wa kwa baba. Tulitoa mbuzi ya mahari, Masika akazaliwa wetu. Kahambu wa Beni, mama ya mama yake, koko yake wa pili, yeye ni mukwe. Tunamupaka heshima, tunamupaka kiti. Basi.

Siku moja kijana yangu anakuya nyumbani, anaanza kuzunguka maneno.

"Mama, Masika amealika koko Kahambu. Uwanja yao bamefanya upya. Siku ya kufungua, kila mutumishi analeta mutu mumoja wa jamaa."

"Mumoja?"

"Mumoja."

"Na huyo mumoja ni Kahambu?"

"Njo yeye, mama."

Bakubwa, sifiche. Wivu ilinishika hapa, chini ya matiti. Ugali ikaniwia chungu. Mie njo nilibeba huyu mutoto ku mugongo wakati mama yake alikuwa mugonjwa. Mie njo nilimufundisha kumenya viazi. Na leo anaita mukwe!

Nikatia viazi ya shamba yetu ya Masereka na vitunguu ya poireaux mu mufuko, nikavaa pagne yangu ya bamama ba parokia, nikaenda Beni. Nikabisha hodi kwa Kahambu.

"Mukwe, tunaenda wote."

Nilikuwa nangoja akatae. Matusi ilikuwa tayari. Akasema: "Aksanti Mungu! Nilikuwa naogopa kuenda peke yangu."

Matusi yangu ikabakia mu kinywa.

Ku mupaka wa Kasindi tukapita kati ya makamyo ya mizigo na bachanjeri ba feza, vumbi mpaka mu meno. Kahambu akanishika mukono. Nikamuacha ashike, mais mie sikushika wake.

Jioni tukafika kwake Uganda. Masika kutuona babili, macho ikamutoka.

"Koko wa Butembo! Na wewe?"

"Na mie."

"Koko, bameniruhusu mutu mumoja tu."

"Sawa, mie nitakaa inje sawa mbwa."

Mutoto akacheka. Mie hapana.

Asubui Kahambu alipewa kofia ya mweupe na viatu ya mweupe, akaingia na Masika sawa bibi ya gavana. Mie bakaniweka ku mulango ya batumishi, na kiti ya plastiki.

Nikaangalia. Majani, bakubwa! Kilima kizima ya majani ya mafupi, yenye bamenyoa sawa kichwa ya mwanafunzi. Hapana mbuzi. Hapana maharagi. Na banainywesha maji na tiyo ya bomba! Kwetu Masereka tunalima mpaka pembeni ya kaburi, bandugu banapigana juu ya mustari moja ya viazi, na hapa udongo inalala tu.

Nikaonea wivu Kahambu. Nikaonea wivu mpaka majani.

Sasa pale karibu na kiti yangu kulikuwa kipande ya udongo mweusi, mutupu. Na juu yake naona nini? Chiendent! Ile majani mubaya yenye inatambaa, adui ya kila mulimaji. Ukiacha kakamba kamoja, imekumeza shamba.

Nikasema mu roho: kumbe bageni bafike baone uchafu hii? Acha Masika aone koko gani iko na mikono.

Nikajifunga kitambaa, nikapiga magoti, nikangoa. Nilingoa na mizizi, nikapukuta udongo, nikaiweka pembeni lundo kwa lundo. Kazi safi, hata mama yangu angesifu.

Mara chef, mukubwa wa kazi ya majani, anafika, mwanaume munene na filimbi mu shingo. Alishika kichwa na mikono mibili. Masika akakuya mbio.

"Koko, unafanya nini?"

"Nakusaidia."

"Koko! Ile njo majani yenyewe ya golf! Bamama baliipanda hapa wiki hii, kamoja-kamoja, na vidole!"

"Banapanda chiendent?"

"Banapanda, koko."

"Na banainywesha?"

"Koko!"

Yule mwanaume hakucheka. Akauliza Masika mbele ya batu bote: nani aliingiza huyu mama? Mwenye alimuingiza atatoka naye, na asirudie tena.

Masika akavua kofia yake ya kazi. Akaanza kuikunja-kunja sawa wakati alikuwa kadogo. Nikajua: mutoto anapoteza kazi, na ni mikono yangu hii.

Kahambu akafika. Akavua viatu ya mweupe, akapiga magoti mu udongo na kofia yake ku kichwa.

"Chef, usikasirike. Sisi ni balimaji, tumekosa. Mizizi ingali mubichi. Bageni batafika, bataikuta mu udongo."

Tumekosa! Yeye alikosa nini?

Tukapanda. Bamama benye baliipanda mwanzo bakakuya, bakatucheka mpaka machozi, bakatuonyesha mistari. Yule chef alikagua mistari yetu yote, kisha akasema Masika aende ku kazi yake, bageni banangoja. Sikuwahi kusikia neno tamu sawa hiyo.

Wakati Masika alituletea maji, nikamuuliza pembeni: "Juu ya nini yeye, na hapana mie?"

"Koko, wewe unaendaka shamba kila siku. Koko Kahambu, shamba yake ya cacao iko upande wa Ruwenzori. Tangu bauaji baanze kupita kule, hajatia tena muguu. Nilitaka atembee mahali ya wazi."

Nikainua macho. Kahambu alikuwa ameenda, peke yake, miguu mitupu, mbali katikati ya ile majani. Hakuangalia nyuma hata mara moja.

Mutasema hapo wivu iliisha. Haikuisha! Huruma ilikuya, ikakaa pembeni yake. Hata mu mateso huyu mwanamuke amenipita.

Donc fundisho yangu kwa benye mutaenda ku viwanja vipya. Musiulize tu mashimo iko ngapi. Tembea mpaka katikati, simama, sikia vile hapana mutu anakimbia. Naona hiyo njo kitu bazungu banafuata, hata kama banasema ni kampira. Na majani muiache, hata kama inafanana na nini.

Sasa kitu yenye imenileta humu. Wiki iliyopita Masika amepiga simu. Kampuni inafungua uwanja ingine, Maroc, ngambo ya kweli, ya ndege. Na tena ni mutu mumoja wa jamaa.

Nikalainisha sauti kwa kuomba. Akanikata:

"Koko, nimeita kwanza koko Kahambu. Amekataa. Amesema ni wewe uende."

Amenipa safari kabla sijamunyanganya!

Nitaenda, sikatae. Passeport naitafuta. Mais kila mahali nitakanyaga kule, nitajua ni yeye alinipisha.

Nyinyi benye kusoma, muniambie: mutu sawa huyu, unamushinda na nini? Muandike hapa chini. Nasoma polepole, mais nasoma yote.