Mkia wa Kondoo wa Kwenye Stoo

Nilipokuwa mtoto, kondoo wa mzazi alikuwa anatazamwa na nyumba nzima, na huyo wa mama yangu ndiye aliyetugombanisha. Maana kwetu, huku juu ya Lushoto tunakopakana na msitu wa Magamba, mwanamke akijifungua anachinjiwa kondoo mwenye mkia mnene, ule wa mafuta, na mkia ni wake peke yake, unayeyushwa kwenye supu anywe mpaka maziwa yajae. Mwanamke aliyenyimwa mkia ni mwanamke asiyetakiwa ukweni. Hilo lilijulikana, halikuhitaji kuelezwa.

Sasa chini ya nyumba yetu palikuwa na mahali tulipopaita Kwenye Stoo. Stoo yenyewe ilishaanguka kabla sijazaliwa, umebaki msingi wa mawe na majani, na majani yale, nakwambia, hata kiangazi yalikuwa mabichi. Zamani ilikuwa inawekwa dawa ya kahawa humo, ile ya unga mweupe. Bibi, mama yake baba, alitukataza kukanyaga pale. Alisema kuna fingo, dawa ya mganga iliyofukiwa ardhini, na fingo lile halina haraka. Mnyama akila majani ya pale linaingia kwenye mafuta yake, linakaa. Wewe ukila mafuta linahamia kwako, linakaa. Wewe halikufanyi kitu. Linasubiri unyonyeshe.

Mimi niliogopa, nikawa nikitumwa mtoni nazunguka kwa juu hata kama ndoo inanichosha. Lakini baba mdogo Yona hakuogopa kitu. Alicheka akasema fingo linalootesha majani namna hii aletewe na lingine, na kondoo wa mama akawa anamfunga palepale, msimu mzima, mpaka mkia ukawa unamyumbisha akitembea. Bibi alikuja kujua siku ya kuchinja, mama ameshajifungua mdogo wangu Elia, yuko ndani nyuma ya pazia.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kondoo huyu alikula wapi?" Baba mdogo akaangalia pembeni. Basi Bibi akakata ule mkia akauweka kando, akabandika nyama mwenyewe, na ilipochemka akakaa na upawa anaengua mafuta yote yaliyoelea juu, anayatia kwenye bakuli, taratibu, mpaka supu ikawa kama maji ya kunawa.

Mama alipopelekewa alikaa nayo kidogo. Halafu nikamsikia.

"Mama, mkia wangu uko wapi?"

"Kunywa supu, mwanangu."

"Hii siyo supu, haya ni maji."

"Basi kunywa maji. Maharage yanakuja."

Hapo ndipo shuku ilipoingia, na ikiingia kwenye nyumba haitoki kwa kufagia. Mama mkubwa alikuja kumwona mzazi akakaa naye pazia limefungwa, wakanong'ona Kishambaa cha chini chini, lakini mimi nilikuwa mtoto na watoto husikia vya chini. Alisema yule mzee anakukaushia maziwa, mwanamke anayezuia mkia ana lake jambo, chunga mtoto wako. Na Elia usiku ule alilia, kama mtoto yeyote analiavyo, ila sasa kila kilio kikawa ushahidi. Tangu siku hiyo mama hakumpa Bibi mtoto ampakate. Bibi akinyoosha mikono, mama anasema analala. Mtoto macho makavu kabisa, anamwangalia bibi yake, anaambiwa analala.

Mimi nilimpenda Bibi, lakini na mimi nilianza kumtazama mikono. Siku ile ile ya supu nilimfuata, kabeba mkia na lile bakuli, mafuta yameanza kuganda meupe. Mbwa akaja, Bibi akamfukuza. Kuku wakaja mbio, akainua bakuli juu. Nikamwambia, Bibi, si uwape tu kuku, watanenepa. Akasimama, hakunijibu kwa ukali.

"Na kuku ataliwa na nani?"

Akaenda akavitupa vyote chooni, mkia na mafuta, akamwaga na majivu juu yake. Akaniambia alipokuwa mwanamke kijana yeye na wenzake ndio waliokuwa wanafagia ile stoo, kanga puani, na jioni anarudi nyumbani ananyonyesha mtoto wake wa kwanza. Yule mtoto hakukua. Alisema hivyo tu, hakukua, akarudisha bakuli jikoni. Sijui mtoto yule alikufa na nini, hakuna aliyejua, na mimi sitajifanya najua leo.

Bibi alikufa mama bado hajamsamehe. Nilikuwa sekondari walipokuja watu wamevaa maovaroli meupe na barakoa, wakaifukua Kwenye Stoo, wakatoa mapipa yaliyooza na udongo mwingi kwenye mifuko, wakazungushia waya na kibao cha fuvu, wakatuambia tusilime wala tusilishe. Mama alisimama mbali amefunga mikono kifuani. Aliangalia mpaka gari la mwisho likaondoka. Alisema neno moja, "Kumbe," akaenda kupika. Na mwalimu wetu wa baiolojia alipotueleza kwamba ziko sumu hazitoki kwa maji, zinajificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, na mama anampa mtoto kwenye maziwa bila kujua, mimi nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika. Nilikuwa nimeshasikia somo lile, kwa jina la fingo.

Sasa ni zamu yangu. Ninaye Neema, bado hajakaa, na kila anaponyonya mimi nahesabu nilivyokula. Nashuku kila kitu. Mume wangu analima nyanya na kabichi, na kama wenzake wote ana kitalu cha sokoni anachopiga dawa mpaka karibu na kuvuna, na kidogo cha nyumbani kisichopigwa, na mimi nikiona kile cha nyumbani kimestawi nashuku upepo umekiletea dawa. Nikaona kwenye simu wanauza chai ya kutoa sumu, nikaipeleka kliniki kumuuliza nesi. Akasema achana nayo, hakuna chai inayokwangua mwili, mwili unapunguza wenyewe polepole, kazi yako ni kutoongeza. Nyonyesha, maziwa yako bado ndiyo chakula bora cha mtoto. Osha mboga kwa maji yanayotiririka, toa mafuta kwenye nyama, usichome plastiki jikoni, dumu la dawa lisirudi ndani hata kwa maji ya kufulia. Nikatoka pale nimetulia mpaka getini.

Juzi mama akaja na sufuria imefungwa kwenye kanga. Supu ya mkia. Alifunua na mafuta yakang'aa juu, manene, ya dhahabu, na harufu ile inayomwambia mwanamke anapendwa. Nikajikuta nauliza.

"Mama, kondoo huyu alikula wapi?"

Alishika tena kanga yake. Nilidhani ataondoka. "Alinunuliwa mnadani," akasema. "Sijui alikula wapi." Akakaa kwenye kigoda, akaomba kijiko na bakuli, akaanza kuengua, kidogo kidogo, na mikono yake ilikuwa na utaratibu ule ule wa Bibi, kumbe siku ile pazia halikufunika kila kitu.

Alipomaliza alisimama mlangoni na bakuli. Kuku wangu wakamkimbilia. Akawatazama, akanitazama mimi na Neema kifuani, akainua bakuli juu.

"Yule bibi yako," akaniuliza, "alikuwa anayatupa wapi?"