Santuri za Chiriku

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mdomo, na sisemi hivyo kwa ubaya. Kwa miaka ishirini na sita alitunza maktaba ya santuri pale redioni, chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido, chenye rafu za chuma mpaka darini. Kila santuri ilikuwa na namba yake na kadi yake. Ukirudisha moja ina alama ya kidole, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Wenzake walimwita Bi Kadi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mwimbaji wake kipenzi alikuwa Chiriku, aliyeimba mapenzi mpaka watu walioachana wakarudiana. Siku moja Chiriku alikatisha wimbo jukwaani, akauliza mbele ya maelfu ya watu: wanafunzi waliokamatwa kwenye maandamano wako wapi? Uwanja ulilipuka. Shangazi naye alilipuka, ila mezani kwetu.

"Nani kamtuma? Watu wameenda kucheza, yeye anawahutubia! Siasa si awaachie wenyewe?"

"Dada, watu wanamsikiliza yeye kuliko wabunge wote," baba alisema. "Akinyamaza huyo, aseme nani?"

"Yeye akikamatwa, dunia nzima itapiga kelele. Akikamatwa mpiga ngoma wake, wewe utamjua hata jina?"

Baba akaomba apewe chumvi. Mwezi haukuisha, Chiriku akawa ughaibuni na mpiga ngoma wake yuko ndani. Shangazi alikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Ndipo mkuu wa vipindi akamwandikia barua. Santuri zote za Chiriku, arobaini na tatu, zifikishwe ofisini kwake Ijumaa zikavunjwe. Hata za mapenzi. Shangazi aliisoma mara mbili, akafunga mlango kwa ndani. Kwa siku mbili alizitoa santuri zile moja moja kwenye majalada yake, akazichomeka kwenye majalada ya hotuba za kilimo: ufugaji wa nyuki, magonjwa ya kuku, vitu ambavyo tangu virekodiwe hakuna aliyewahi kuviomba. Kadi alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe alizibeba mkobani, akaja kuzichoma jikoni kwetu.

Ijumaa akasimama mbele ya mkuu mikono mitupu.

"Zimepotea, mkuu."

"Zimepotea? Kwako wewe?"

"Kwangu mimi."

Walipekua kutwa nzima, na hakuna aliyejisumbua kufungua magonjwa ya kuku. Wiki iliyofuata Shangazi akamwaga unga. Kufukuzwa bila hata kuagwa alikuvumilia, maana alikuwa amekutarajia. Kilichomshinda ni neno moja ndani ya barua ya kumfukuza: uzembe. Alililia neno hilo mpaka macho yakavimba. Nilikuwa na miaka kumi na saba na akili fupi, nikamuuliza kama si yeye aliyesema Chiriku asiingie siasa.

"Nilisema asiingie," alinijibu. "Kwani nilisema afutwe?"

Zaidi yetu sisi nyumbani, hakumwambia mtu. Ilipita miaka kumi na mmoja, serikali ikabadilika, Chiriku akarudi. Asubuhi alipoalikwa redioni tulikuwa tunasikiliza, na mtangazaji akaomba radhi: nyimbo zake za zamani hazitasikika, zilipotea kwa uzembe wa mtumishi mmoja wa zamani. Shangazi alisimama akatoka. Viatu alivyovaa vilikuwa vyangu.

Nilimfuata. Mtunzaji mpya wa maktaba alitukatalia kuingia, kisha akakubali, nadhani kwa kuogopa ule mdomo. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kilimo, akavuta jalada la kuku, akatoa santuri ya Chiriku safi kabisa, haina hata vumbi. Mtunzaji akakimbilia studio.

Chiriku akaja mwenyewe wakati wa matangazo ya biashara, kichwa kizima mvi. Alimshika Shangazi mikono yote miwili, akasema wimbo wa kwanza atamtolea yeye.

"Sitaki wimbo," Shangazi alisema. "Na sijabadili mawazo. Uliwasha moto, wewe ukapanda ndege, wenzako wakabaki. Yuko wapi mpiga ngoma wako?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Alifia ndani, mama. Kila siku najiuliza kama ningenyamaza. Lakini wale wanafunzi nao walikuwa na mama zao."



"Basi mtaje huyo," Shangazi alisema. "Jina lake lote. Na mimi, waambie tu hazikupotea."

Tulikalishwa kwenye kona ya studio. Taa nyekundu ikawaka. Chiriku alimtaja mpiga ngoma wake kwa majina yake matatu, akanywa maji. Kisha akasema santuri zake hazikupotea hata moja, na kwamba mtunzaji wa zamani alijua kila moja ilipo kwa miaka yote kumi na mmoja. Shangazi aliangua kilio kwa sauti, mpaka fundi mitambo akaweka kidole mdomoni kumsihi anyamaze, tuko hewani.